Kati ya Ndege Mbili

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kupokea wageni ambao hawakuwa wakija kwetu. Walishuka Migori kwa sababu ndege yao haikuruhusiwa kuendelea mbele, nami nililipwa kuwatoa katika ndege hiyo na kuwafikisha kwenye nyingine iliyokuwa ikiwangoja ng'ambo ya mpaka, bila kupoteza mtu wala sanduku.

Mambo yalikuwa hivi. Mtalii akishamaliza siku zake Maasai Mara, mara nyingi hutaka kuendelea Serengeti. Ukiitazama nchi ile kutoka angani ni mbuga moja tu, na nyumbu huivuka kila mwaka wakienda na kurudi. Lakini lango la barabara lililo kati ya mbuga hizo mbili limefungwa kwa watalii tangu kabla sijazaliwa. Na ndege ndogo haiwezi kupaa kutoka kiwanja cha nyasi cha Kenya ikatua kwenye kiwanja cha nyasi cha Tanzania, kwa sababu huko porini hakuna afisa wa uhamiaji. Kwa hiyo mgeni ana njia mbili. Anaweza kurudi Nairobi, apande ndege ya kimataifa, atue Tanzania, kisha atafute ndege ndogo ya kumrudisha karibu na pale alipokuwa amelala. Au aletwe Migori kwa ndege ndogo, abebwe kwa gari hadi Isebania, agongewe mihuri, avuke, abebwe tena hadi kiwanja cha Tarime, na huko achukuliwe na ndege nyingine. Njia hii ya pili ndiyo iliyoniajiri.

Mimi ni mtu wa Kosele, upande wa Homa Bay. Mama yangu analima viazi vitamu na kuviuza sokoni, na viazi hivyo ndivyo vilivyonipeleka chuo cha utalii Kisumu. Nilipomaliza nilikuwa nimeyajaza kichwani mambo mengi ya nyumbani kwetu: korongo wa mbuga ya Ruma, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu ambaye Kenya nzima hapatikani kwingine porini, kuta za mawe za Thimlich, ambazo wazee wa zamani walizipanga bila udongo wala saruji na bado zimesimama, visiwa vya ziwani. Nilidhani nitazunguka na watu nikiwaonyesha nchi. Nikapewa fulana yenye kola na kibao cha majina ya wageni cha kushika mkononi.

Hata hivyo sikunyamaza. Nilikaa mbele na dereva, nikageuka nyuma, nikaanza. Pale kulia, mbali, ni Macalder, watu wanachimba dhahabu kwa mikono. Hilo ni shamba la tumbaku. Hiki mnachokiona kimeanikwa ni muhogo. Wageni walikuwa na adabu. Walitikisa kichwa, kisha mmoja akafunga macho, mwingine akatoa simu kuangalia picha za simba alizopiga asubuhi. Wengine walishikilia mikoba yao mapajani tangu Migori hadi mpakani. Bwana mmoja aliniuliza kama kuna hatari yoyote njiani, nikamwambia hatari kubwa ni matuta ya barabarani. Hakucheka.

Dereva wangu alikuwa Mkuria wa umri wa kuzidi hamsini, mtu mpole, Msabato wa kweli. Siku moja tulipokuwa tukirudi na gari tupu aliniambia, "Dada, wewe unaongeanga na viti."

"Nitafanya nini, mzee? Ninyamaze?"

"Hapana. Mimi ninasikia. Hiyo ya kuta za mawe sikuwa najua."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Tulichukua, tukapeleka, tukarudi. Mji wa Migori haukupata kitu kwa watu wale zaidi ya chupa za maji na matumizi ya choo cha kituo kimoja cha mafuta, ambacho mwenye kituo alikiwekea kigae cheupe kwa ajili yao. Nilipowaeleza jirani zangu kwamba leo nilikuwa na wageni kumi kutoka nchi tatu, waliniuliza walilala hoteli gani. Niliposema hawakulala, walinitazama kama mtu anayesimulia ndoto.

Kisha ikaja Ijumaa ya masika.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wawili tu, wanawake ndugu, wote wenye mvi. Mkubwa alikuwa muuguzi mstaafu, mnene, mwenye goti bovu na kicheko cha karibu. Mdogo alikuwa mwembamba, hakusema zaidi ya alichoulizwa. Tulipofika Isebania, kabla hatujaingia kwenye foleni ya uhamiaji, simu yangu ililia. Alikuwa mwenzangu wa upande wa Tanzania.

"Usiwavushe," akasema. "Kiwanja cha Tarime kimejaa maji. Rubani amezunguka juu, amekataa kutua, amerudi."

Nikapiga Nairobi. Ofisi nayo ikapiga huku na huku, na baada ya muda mrefu wa kusimama kando ya gari nikapata jibu: ndege itakuja Jumapili asubuhi kama mvua itakata. Niwatafutie wageni mahali pazuri pa kulala. Kuwarudisha Nairobi haikuwezekana, viti vya kesho vya kutoka Migori vilikuwa vimejaa.

Niliwaeleza wale kina mama kwa utaratibu. Mkubwa akashusha pumzi, akasema mvua ni mvua. Mdogo akaniangalia usoni.

"Serengeti iko umbali gani na hapa?"

Nikamwonyesha mkono kuelekea kusini mashariki. "Si mbali. Vilima vile, kisha vingine."

"Basi tupelekeni kwa gari."

Nikamwambia ni mwendo mrefu sana kwa barabara, lazima kuzunguka, na kwamba kambi yao haikuwa na gari la kuja kuwapokea. Akaniuliza kwa nini ndege yao ya asubuhi isingewapeleka moja kwa moja tangu mwanzo, kwani waliuona mpaka kutoka dirishani na hakukuwa na kitu, hata uzio. Nilimpa maelezo niliyofundishwa, ya viwanja vyenye uhamiaji na visivyo na uhamiaji, na jinsi kila nchi inavyotaka mgeni aingie kwa mlango wake mwenyewe na alale kwenye vitanda vyake. Nilipokuwa nikieleza niliona kwamba hasikilizi. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Akageuka, akaenda kusimama nyuma ya gari.

Dada yake akaninong'oneza. Mume wa mdogo wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Safari hii waliipanga wawili, mume na mke, na kesho Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya siku yao ya ndoa. Marehemu ndiye aliyetaka iwakute Serengeti. Yeye dada mtu alikuwa amechukua nafasi ya shemeji yake.

Nilikuwa nimewapitisha mamia ya watu mahali pale na sikuwahi kufikiri kwamba ratiba ya ndege inaweza kubeba kitu cha namna hiyo. Nilimfuata nyuma ya gari, nikasimama karibu naye. Nilimwambia pole. Kwa Kiingereza neno hilo halitoshi, kwa hiyo nililisema kwa Kiswahili. Akauliza maana yake. Nilijaribu kumweleza, akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

Yule mwenye goti bovu hakutaka tena kukaa garini kurudi Migori, kwa hiyo niliwatafutia gesti safi palepale Isebania, yenye maji ya moto na ua lenye maua. Nami nikachukua chumba cha jirani. Tatizo lilikuwa siku inayofuata. Wageni wangekaa chumbani wakisikiliza malori mchana kutwa. Nilimwuliza dereva kama angeweza kutuendesha hata hadi Macalder.

"Kesho ni Sabato, dada. Gari ya kazi siiwashi. Unajua."

"Najua. Nimejaribu tu."

Akafikiri, akakuna kidevu. "Lakini kanisa letu liko hapa juu, na nyumbani ni karibu na kanisa. Wakitaka kuja, waje. Ila waje kama wageni wangu. Kampuni isiingie hapo."

Niliwapelekea wale dada habari hiyo nikitegemea kukataliwa. Mkubwa alisema yeye si mtu wa kanisa lakini hajawahi kukataa chakula cha mchana. Mdogo akasema ni afadhali kuliko kukaa akitazama ukuta.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mkubwa alipanda bodaboda kwa ajili ya goti lake, akakaa upande kama kina mama wa kwetu, na kijiji kizima kilichokuwa kikienda kanisani kilisimama kumtazama akipita huku akipunga mkono. Mdogo na mimi tulitembea. Aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia niliolewa, tukaachana. Akaniuliza kama inaniuma. Nikasema siku hizi si sana. Tulitembea hivyo, tukizungumza kama watu, na nikagundua kwamba sikuwa nimemwonyesha shamba lolote wala kumtajia jina la kilima chochote.

Ibada ilikuwa ndefu, kwa Kikuria na Kiswahili. Mzee wa kanisa aliwakaribisha wageni, akawaomba wasimame. Dereva wetu, ambaye sikuwahi kumwona bila sare ya kazi, alikuwa amevaa suti ya kijivu, na ndiye aliyeongoza kwaya ya wanaume. Ana sauti nzito. Nilikuwa nimekaa kando ya mtu huyu garini miaka yote ile na sikujua kwamba anaimba.

Baadaye tulikula nyumbani kwake. Ugali wa wimbi, kuku, mboga za kienyeji, maziwa ya kuganda. Mama yake dereva, bibi mkongwe mwenye masikio yaliyotobolewa kwa desturi ya zamani, aliketi kwenye kiti cha chini mlangoni. Yeye huongea Kikuria tu. Aliuliza, mwanawe akageuza kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Kiingereza, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo.

"Mama anauliza, huyu mwembamba mbona ana huzuni?"

"Amefiwa na mume," nikasema.

Bibi alipoambiwa akasogeza kiti chake karibu na yule mgeni. Akasema yeye pia alifiwa, miaka mingi iliyopita, watoto wakiwa wadogo. Akauliza huyo mume alikuwa mtu wa namna gani. Nilipogeuza swali hilo, mgeni alimgeukia bibi. Kisha akasema hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu mazishi. Kwao watu huuliza unaendeleaje. Akaanza kueleza. Alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na hasira za haraka na aliomba msamaha haraka. Hakujua kuogelea. Alipenda wanyama lakini aliogopa mbwa. Nilikuwa nikimpa dereva maneno hayo moja moja, naye akimpa mama yake, na bibi akitikisa kichwa kila mara kana kwamba anamkumbuka mtu anayemfahamu. Kwenye mbwa alicheka, na mgeni naye akacheka.

Kutoka ua ule unaona Tanzania. Hakuna kinachoonyesha kwamba ni nchi nyingine. Ni migomba, mabati, moshi wa jikoni. Bibi alinyosha mkono akasema mumewe alizaliwa pale, penye mti ule mkubwa, na amezikwa kwa watu wake hukohuko. Akitaka kwenda kusafisha kaburi anaondoka asubuhi na kurudi jioni.

"Anapitaje?" mgeni akauliza. "Ana pasipoti?"

Swali lilipofika kwa Kikuria watu wote wakacheka.

"Anasema huenda kwa miguu," dereva akajibu. Kisha akamsikiliza mama yake tena. "Anauliza, nyinyi mliokuja na ndege, ni nini kinawazuia?"

Nilikuwa na jibu refu la swali hilo, nilikuwa nimelitoa jana yake tu mbele ya kituo cha mpakani. Sikulitoa. Niliwageuzia wale dada swali kama lilivyo, na yule mkubwa akasema, "Mwambie hata sisi hatujui."

Jumapili jua lilitoka, kiwanja cha Tarime kikakauka, wakavuka. Pale kwenye foleni mdogo alinishika mkono akaniambia kwamba siku ile haikuwa waliyoipanga na mumewe, lakini alitamani mumewe angeiona. Halafu akasema kitu ambacho nilikibeba kwa muda mrefu. Alisema, "Ningependa pia kuziona zile kuta za mawe ulizokuwa ukizisema njia nzima. Kwa nini haziko kwenye safari?"

Kwa nini? Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Meneja wetu alipokuja kutoka Nairobi kukagua magari nilimwomba tuzungumze. Alikuwa mtu mzuri, msikivu. Nilimwambia: hawa wageni wapo mikononi mwetu tayari. Ndege inawashusha Migori. Kwa nini tusiwape usiku mmoja? Asubuhi kuta za mawe, mchana Macalder kwa wale kina mama wanaochekecha dhahabu, jioni samaki. Kesho yake wavuke.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Wazo ni zuri, madam. Shida ni kwamba mgeni wetu ameuziwa safari akiwa kwao, miezi mingi kabla. Anayemuuzia hajui Migori. Kwenye ramani yake Migori ni mahali pa kubadilisha ndege."

"Si tumwambie?"

"Tutamwambia. Lakini elewa, usiku anaolala hapa ni usiku ambao halali Mara au Serengeti. Kuna mwenye kambi huko ataukosa. Huyo mtu ndiye anayetununulia viti."

Hata hivyo alijaribu, namshukuru. Msimu ule makundi machache yalilala Migori. Nilipata kusimama ndani ya kuta zile na watu waliokuja kwa ajili ya kuta hizo hasa, nikawaeleza mawe yalivyofungana bila kushikwa na kitu, nao wakauliza maswali. Kule Macalder sikuwa na amani. Wageni walitaka kupiga picha mikono ya kina mama ndani ya maji yenye zebaki, na mimi nilijua zebaki inafanya nini mwilini. Tulipunguza ziara hizo. Sikuwa nimeliona hilo nilipokuwa nikipanga mambo kichwani. Nilifikiri mgeni akija tu, mengine yote yatajipanga.

Kisha njia ikabadilika. Kampuni ilipata utaratibu mwingine: ndege ingewachukua wageni Mara, itue kwenye uwanja wenye maafisa wa uhamiaji, wagongewe mihuri humohumo, kisha ivuke nao hadi upande wa pili. Hakuna gari, hakuna matuta, hakuna kiwanja cha Tarime kujaa maji. Nilipoelezwa sikuweza kubisha. Ningekuwa mimi ndiye mgeni, ningeichagua njia hiyo. Wale wanaosema kwamba utalii wa nchi zetu mbili ungekua kama ndege zingeruhusiwa kupita kwa urahisi wanasema kweli, na mimi nimewasikia watu wa Mara wakifurahi. Ila kila urahisi unaoongezwa juu unapunguza kitu chini, na mara hii waliokuwa chini walikuwa sisi. Mwenye kituo cha mafuta alibaki na choo chake cha kigae cheupe.

Nilimpigia mama simu Kosele nikamwambia kazi imeisha.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "sasa hao wazungu wanapita wapi?"

"Juu, mama."

"Juu kabisa?"

"Juu kabisa. Hawashuki."

Nyuma yake nilisikia soko. "Basi njoo nyumbani ule," akasema. "Mambo ya juu tutayafikiria tukishakula."

Nilikaa Kosele msimu mmoja, nikichimba viazi na kupakia magunia. Mikono iliota sugu, usingizi ukawa mzuri. Huko ndiko nilikoanza kuona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote pale kiwanjani. Kulikuwa na ndege nyingine zilizotua Migori na Homa Bay, zile za kutoka Nairobi, nazo hazikuleta watu wenye kofia za porini. Zilileta watu wetu. Ijumaa zilijaa watu waliovaa nguo nyeusi na kubeba mashada ya maua yaliyofungwa kwa plastiki. Jumapili zilijaa watu haohao, wamechoka, wakiwa na nyanya na kuku wa zawadi. Wanakuja kuzika, wanarudi. Wengi hawalali hata kwa ndugu siku hizi, wanatafuta vyumba. Niliwaona kwa miaka na sikuwahi kuwaita wageni, kwa sababu walikuwa kwao. Lakini ukimuuliza mtu wa namna hiyo kama ameshawahi kuingia Ruma, atakuambia ameenda Mombasa, ameenda Mara, ameenda Dubai.

Nilipata kazi kwenye nyumba ya wageni Homa Bay, karibu na ziwa, na mwenyewe akaniruhusu nipange matembezi. Nilimpigia dereva wangu wa zamani. Alikuwa akisafirisha ndizi. Alikubali kuja kunisaidia siku za kazi zikitokea, isipokuwa Jumamosi, na hiyo nilikuwa nimeshaihesabu.

Siwezi kusema biashara imenawiri. Ndege ikipunguziwa siku, vyumba vyetu hubaki vitupu wiki hiyohiyo. Ikiongezewa, tunapika zaidi. Hatujui nani anaamua wala anaamua kwa kutazama nini. Mwenye nyumba huuliza kila Jumatatu kama kuna habari za ratiba, kama mkulima anavyouliza habari za mvua. Nimeanza kuelewa kwamba nchi haina utalii mmoja. Wakubwa wakizungumza juu ya anga na mikataba ya njia, wanafikiria mgeni anayetoka mbali. Sisi wa huku tunangoja mtu aliyezaliwa Rongo hapa jirani.

Na mmoja alikuja, si muda mrefu uliopita. Alikuwa bwana wa makamo, anayefanya kazi Nairobi, aliyekuja kumzika shangazi yake. Alipaswa kurudi Jumapili, lakini shirika la ndege liliunganisha safari ya siku hiyo na ya Jumanne kwa sababu abiria hawakutosha. Alikuja mapokezini amekasirika, akasema atachukua basi. Kisha akakumbuka mgongo wake, akakaa.

"Sasa nitafanya nini hapa hadi Jumanne?"

"Twende Ruma," nikamwambia.

"Ruma gani?"

"Bonde la Lambwe."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Lambwe kwa mbung'o? Sisi tulikatazwa hata kuchungia ng'ombe huko."

Nilimwambia mbung'o wamepungua sana, na kwamba dereva wangu ni mtu mzuri. Jumatatu asubuhi akaja amevaa viatu vya mazishi, kwa kuwa hakuwa na vingine. Njiani aliongea na simu. Tulipoingia langoni alikuwa bado anaongea. Twiga walipotokea alikata simu bila kuaga.

Tulizunguka muda mrefu bila kumwona korongo. Hawapo wengi, na siku nyingi mgeni huondoka bila kuwaona, nilikuwa nimemwonya. Kisha dereva akapunguza mwendo, akanyosha kidole bila kusema. Walikuwa wanne, kwenye nyasi ndefu, nyuso nyeusi na nyeupe, masikio yamesimama. Bwana yule akaomba gari lizimwe. Tukakaa. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka vilimani, nyasi zikilala upande mmoja, na wale wanyama wakatutazama kisha wakaendelea kula.

"Hawa wako wapi kwingine?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapa Kenya? Hapa tu."

"Hapa tu," akarudia. Alikuwa amevua viatu. "Nyumbani kwetu ni saa moja kutoka hapa. Baba yangu amekufa bila kuwaona."

Baadaye kidogo simu yake ililia tena. Alikuwa mkewe, na katika ule utulivu tulimsikia mama huyo waziwazi akiuliza yuko wapi na kama matanga hayajaisha.

"Yaliisha Jumamosi," akasema. Akatazama nje ya dirisha. "Hapana, hakuna tatizo lolote. Niko tu."